KITI NA MKANDA WA GARI LA MASHINDANO: FUNDI ASIKIMBIZWE



Mashindano ya magari yanapofika, watu hujipanga kando ya barabara na kupiga makofi. Gari hupita, vumbi hupanda, na jina la dereva hutangazwa redioni. Jina la fundi halitangazwi. Kwa hilo hatulalamiki. Lakini liko jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Uhai wa dereva yule, na wa mwenzake anayemsomea njia, umeshikwa na bolti chache tu. Bolti hizo zimekazwa na mfanyakazi, mara nyingi usiku, na mara nyingi tajiri amesimama mlangoni akitazama saa yake.

Leo tunataka kuieleza kazi hiyo ya kufunga viti na mikanda, maana wako vijana wengi magerejini wanaopewa kazi hii bila kuonyeshwa. Halafu tutasema neno juu ya haki ya anayeifanya.

Gari lenyewe

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari mengi yamepita humo, lakini moja ambalo mafundi wa rika letu hawalisahau ni Datsun 240Z. Ni gari la michezo hasa: milango miwili, viti viwili, pua ndefu. Lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mehta huyo alizaliwa hapa kwetu Uganda. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na mwaka uliofuata yeye akashinda Safari. Kwa jumla alishinda mara tano.

Magari hayo hayajafa. Tangu mwaka 2003 yako mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na Datsun 240Z ni miongoni mwa yanayoingia. Kwa hiyo fundi wa leo anaweza kuletewa gari lenye umri wa miaka 50 na zaidi, akaambiwa: toa viti hivi vya zamani, weka vya mashindano, na mikanda yake. Asidhani ni kazi ya kubadilisha fanicha.

Anza na sakafu

Ukishatoa kiti cha zamani, usifungue boksi la kiti kipya kwanza. Piga magoti uangalie sakafu. Toa zulia na lami yote. Chukua bisibisi ugonge pole pole, hasa kwenye kona na chini ya reli za kiti. Bati likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, au bisibisi ikizama, hapo pana kutu. Bati hilo likatwe, lichomelewe jipya. Kupaka rangi juu ya kutu ni kumdanganya mwenye gari, na ni kumdanganya mtu atakayekaa juu yake.

Kama gari ni la miaka ya karibuni, jihadhari na jambo jingine. Viti vyake vinaweza kuwa na mifuko ya hewa, na vifungio vya mikanda vinaweza kuwa na baruti ndogo ndani ya kuvuta mkanda. Tenganisha betri kwanza, ungoje muda ulioandikwa katika kitabu cha gari, ndipo uguse nyaya. Kitu hicho kikilipuka mkononi, kitakaa kazini nusu sekunde, nawe utakaa hospitali miezi.

Halafu mwite dereva. Akae ndani ya kiti akiwa amevaa helmeti yake. Afikie pedali, usukani na gia. Kichwa kisikaribie paa wala mabomba. Mahali pa kiti panapimwa na mwili wa mtu, hapapimwi kwa macho. Ukishaweka alama, ingia chini ya gari kabla ya kutoboa. Yako mabomba ya petroli na ya breki. Wako wenzetu waliotoboa bomba la petroli kwa drili ya umeme, nasi hatutaki kuandika tena habari za namna hiyo.

Bolti na bamba

Shirikisho la magari la kimataifa, FIA, limeweka kanuni. Kiti kishikwe angalau mahali panne, kwa bolti zisizopungua milimita 8 kwa unene. Chini ya sakafu, kila bolti iwe na bamba la chuma la milimita 3. Kwa mikanda, bamba la chuma liwe na eneo la sentimita za mraba 40 angalau na unene wa milimita 3. Bolti ya mkanda ni ya milimita 12 yenye alama 8.8 kichwani, au ile ya inchi 7/16 ya kazi hiyo hiyo. Usiokote bolti yoyote katika kopo la bolti za zamani.

Kwa nini bamba? Piga hesabu hii. Dereva ana kilo 70. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mwili wake unaweza kuvuta mara 20 ya uzito huo. Hizo ni kilo 1,400, mzigo wa pikapu nzima. Bolti yenye washa ndogo itatoka katika bati kama kifungo kinavyotoka katika shati bovu. Bamba pana huufanya mzigo uenee.

Mkanda na mwili

Mikanda ya mabega iende nyuma kutoka begani, ishuke kidogo tu. Kanuni inakataa ishuke zaidi ya digrii 45, na inashauri isizidi digrii 10. Ukiifunga sakafuni karibu na nyuma ya kiti, gari likigonga itamvuta mtu chini na kumponda uti wa mgongo. Katika gari kama 240Z, lisilo na kiti cha nyuma, mahali pazuri ni bomba la kukingama la kizimba cha chuma kilichofungwa ndani ya gari.

Mkanda wa kiunoni ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga. Usikae tumboni, maana tumbo halina mfupa. Ile mikanda ya katikati ya mapaja huzuia mtu asiteleze chini ya mkanda wa kiunoni. Wengine huiacha kwa sababu inasumbua. Isiachwe.

Na jambo ambalo tunaliona likikosewa kila mara: mkanda usifungwe kwenye kiti wala kwenye miguu ya kiti. Kanuni imekataza. Kiti kikitoka, mkanda utatoka nacho.

Mwisho, nyoosha utepe wote. Usijikunje, usipande upande mmoja wa kifungio. Mwaka 2001 huko Daytona, Marekani, dereva mashuhuri Dale Earnhardt alifariki katika mzunguko wa mwisho wa mashindano. Mkanda wake wa kiunoni upande wa kushoto ulikutwa umekatika. Wenye mashindano walichunguza, wakaeleza kwamba utepe ulikuwa umekusanyika upande mmoja wa kifungio chake. Hatusemi kwamba ni mkanda peke yake uliomwua. Tunasema kwamba hata kwa mabingwa, utepe ukikaa vibaya unaweza kukatika. Basi angalia pia lebo yenye mwaka wa mwisho wa matumizi. Mkanda uliokwisha muda, uliochanika, au uliokuwamo katika ajali kubwa, utupwe. Usishonwe.

Jioni moja gerejini

Sasa tueleze lililotukuta. Miaka michache iliyopita tuliitwa katika gereji moja hapa Kampala. Kijana mmoja, mwanachama wetu, alikuwa ameweka spana chini. Gari lilitakiwa kuondoka alfajiri. Viti vilikuwa vimefungwa na watu wengine kabla yake, yeye ameambiwa amalizie mikanda tu. Alipoingia chini ya gari alikuta bolti za viti zina washa tupu, hakuna bamba hata moja. Mikanda ya mabega ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kiti. Alimwambia nyapara. Nyapara akasema, “Funga hivyo hivyo. Gari si lako.” Kijana akajibu, “Mzee, gari si langu, lakini mkono ni wangu.” Akaambiwa achukue nguo zake aende.

Tulipofika hatukupiga kelele. Tulimwomba tajiri jambo moja tu: alale chini ya gari pamoja nasi, na tochi. Alikataa, kisha akakubali. Kijana akaingia ndani, akakaa, akavuta mikanda kwa mikono yake tu, na kwa miguu akasukuma. Bati lilipanda na kushuka mbele ya uso wa tajiri. Alitoka chini akiwa na vumbi kwenye shati, akanyamaza kitambo, ndipo akauliza, “Mabamba yatachukua saa ngapi?” Kazi iliisha saa saba usiku. Kijana hakufukuzwa, na saa za usiku zililipwa.

Tulifurahi sana, ndugu. Lakini tulifurahi mapema.

Saa kumi na moja alfajiri gari la mashindano liliondoka, dereva amefungwa vizuri kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Nyuma yake ikafuata pikapu ya mafundi. Wawili mbele, na watano nyuma, juu ya matairi, madebe ya petroli na jeki. Hakuna kiti, hakuna mkanda, hakuna hata kamba ya kushika. Kijana wetu wa mikanda alikuwa mmoja wa wale watano. Taniboi wa pikapu, mtoto mdogo tu, alitutazama akauliza, “Wazee, na sisi je?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekesha juu ya mkanda wa dereva, wala hatukuwa tumeitazama pikapu.

Tunayodai

Tangu siku ile, matawi yetu ya magerejini yanapozungumza na waajiri huanza na mambo haya:

Kwanza, kazi ya viti na mikanda ipewe siku zake. Isiwe kazi ya usiku wa mwisho.

Pili, fundi aliyefunga aandike jina lake na alichokifunga, na fundi wa pili akague. Akisema halijawa tayari, gari lisitoke.

Tatu, mfanyakazi akikataa kazi kwa sababu ya hatari iliyo wazi, asiadhibiwe. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamkinga mfanyakazi anayejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu. Na hapa Uganda iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Katibu wa kila tawi awe na nakala, aisome.

Nne, kila anayesafiri kwa kazi ya gereji awe na kiti na mkanda. Mizigo iende nyuma, watu wakae ndani. Watu wakizidi viti, litafutwe gari la pili.

Waajiri wengine wamekubali yote manne. Wengine wamekubali matatu, na hilo la nne wanasema ni ghali. Sisi tunawauliza: kiti kimoja cha mashindano kinanunua mikanda mingapi ya kawaida? Wanaijua hesabu kuliko sisi.

Ndugu fundi, ukishakaza bolti ya mwisho ya gari la tajiri, geuka uitazame pikapu itakayokubeba wewe. Yule taniboi bado anangoja jibu.