Patografu Iko Wapi?

"Mtoto alizaliwa amechoka." Kina mama wengi waliotoka leba na mtoto asiyelia hawakupewa maelezo mengine zaidi ya hayo. Miezi inapita, shingo haikazi, mtoto hakai, kliniki inataja mtindio wa ubongo. Ndipo familia inakuja kwa wakili kuuliza kama kuna kesi.

Mimi huulizia kwanza patografu. Ni karatasi moja tu, iliyotokana na kazi ya Philpott na Castle, waliochapisha utafiti wao mwaka 1972 kutoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako mkunga angeweza kuwa mbali sana na daktari. Mkunga huweka alama jinsi njia inavyofunguka, sentimita kwa sentimita. Kuna mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Alama zikivuka mstari wa hatua saa mbili usiku na mama akaingizwa upasuaji saa tisa, hospitali ina saa saba za kuzieleza. Pengine chumba kilikuwa na mgonjwa mwingine; basi iandikwe. Kinachonitia shaka zaidi ni patografu safi mno: wino mmoja, mapigo 140, 140, 140 usiku kucha, nukta zimenyooka kama zimepigwa rula. Aghalabu hiyo imejazwa asubuhi, mtoto ameshazaliwa.

Hata hivyo, uzembe ukionekana bado kuna mlima. Mtindio huweza pia kuletwa na kuzaliwa njiti, maambukizi wakati wa ujauzito au manjano kali. Daktari bingwa atatakiwa kuieleza mahakama kwamba ubongo uliumia kwenye uchungu ule, na kwamba mama angehudumiwa mapema mtoto angepona.

Kwa Tanzania, Baraza la Madaktari linaweza kumfutia daktari usajili, lakini fidia hutafutwa mahakamani. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, na hospitali ikiwa ya serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90. Sheria humhesabia mtoto muda wake baada ya kufikisha utu uzima, ila mafaili hayasubiri. Omba nakala mapema, kwa barua, na nakala yako ya barua hiyo ibaki na muhuri wa mapokezi.