Mchezaji wa kawaida, bei ya nyota: klabu ilipe au imwache aende?

NDANI ya miezi miwili tu, Manchester United iliwapa mikataba mipya mabeki wawili wa kati ambao mashabiki wake wengi waliwaona ni wachezaji wa kawaida. Chris Smalling alisaini Desemba 2018, mkataba wa hadi 2022. Phil Jones akafuata Februari 2019, wake ukiwa wa hadi 2023.

Klabu ilikuwa moja, nafasi uwanjani moja na sababu moja: kutowaacha waondoke bure. Matokeo yakawa tofauti kabisa.

Smalling alipelekwa AS Roma ya Italia kwa mkopo Agosti 2019. Akang'ara, na Oktoba 2020 Roma ikamnunua kwa euro milioni 15, pamoja na nyongeza ambazo zingeweza kufikia milioni 5. Bila saini ile ya Desemba, mkataba wake wa zamani ungekuwa umeshamalizika na United isingepata hata senti. Mwaka 2022 Roma ilitwaa Kombe la Europa Conference mjini Tirana, na Smalling akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Jones aliandamwa na jeraha la goti. Baada ya Januari 2020 hakuonekana tena kwenye kikosi cha kwanza hadi Januari 2022. Msimu wa 2020/21 hakucheza hata mechi moja, na msimu wa 2022/23 vivyo hivyo. Mkataba ulipoisha mwaka 2023 aliondoka bure, na mwaka uliofuata akatangaza kustaafu.

Jones hakuomba kuumia, wala hakukosea kusaini karatasi aliyoletewa. Swali ni la mwenye fedha: je, klabu ifanye nini mchezaji wake wa kawaida anapodai mshahara unaozidi kiwango chake?

Hofu ya kutoka bure

Mzizi wa swali hili uko kwenye hukumu ya Desemba 15, 1995. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, alimaliza mkataba na RFC Liège mwaka 1990. Klabu ikampa mkataba mpya wa mshahara mdogo sana, na alipotaka kuhamia Dunkerque ya Ufaransa, uhamisho ukakwama kwenye madai ya ada.

Mahakama ya Ulaya ilimpa haki. Tangu hapo, mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila klabu yake kulipwa, na miezi sita kabla ya kumaliza anaruhusiwa kuanza mazungumzo na timu nyingine.

Hukumu hiyo ilihamisha nguvu mezani. Mwenye mkataba wa miaka mitatu ni mali inayouzika. Mwenye mkataba wa miezi saba ni kama nyanya za Ijumaa jioni: kila anayekuja dukani anajua muuzaji hana muda wa kusubiri.

Ndiyo maana klabu huongeza mshahara hata pale kocha asiporidhika sana na mchezaji. Na mara nyingine hesabu inaonekana kuwaunga mkono.

Chukua mfano wa kiungo anayelipwa pauni 50,000 kwa wiki. Anataka 80,000 kwa mkataba wa miaka minne. Nyongeza hiyo ya 30,000 kwa wiki, kwa miaka minne, inafika pauni milioni 6.24. Kumtafuta mwingine wa kiwango chake kunahitaji ada ya uhamisho ya, tuseme, pauni milioni 15, na bado atalipwa mshahara. Yapo pia malipo ya wakala, na miezi ya kuzoea lugha, mji na wenzake.

Kwa hesabu hiyo, kumbakiza kunaonekana ni nafuu. Wakurugenzi wanasaini, picha inapigwa, mashabiki wanatulia.

Gharama isiyoandikwa

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mfano huu lina kurasa mbili ambazo mara nyingi hazifunguliwi.

Ukurasa wa kwanza ni mlango wa kutokea. Klabu haikuahidi milioni 6.24. Imeahidi mshahara wote wa miaka minne, yaani pauni milioni 16.64. Mchezaji akishuka kiwango baada ya mwaka mmoja, klabu bado inadaiwa milioni 12.48. Timu inayomtaka itakuwa tayari kumlipa thamani yake ya sokoni, ile 50,000, lakini yeye ana karatasi ya 80,000. Kwa nini aondoke? Atabaki, au klabu itamtoa kwa mkopo huku ikilipa sehemu ya mshahara wake.

Mfanyabiashara wa Namanga au Mutukula anaijua hali hii. Mzigo ulionunuliwa kwa bei ya juu hauwezi kuuzwa kwa bei ya soko bila hasara, na ukibaki ghalani unakula kodi ya ghala. Mchezaji anayelipwa kupita thamani yake yuko vivyo hivyo, ila yeye ana haki zake na hawezi kutupwa kama mzigo ulioharibika.

Ukurasa wa pili ni chumba cha kubadilishia nguo. Mishahara haifichiki, kwa sababu mawakala wanazungumza. Mchezaji wa kawaida akipanda hadi 80,000, aliye bora kuliko yeye hatakubali 70,000. Wachezaji watano wakidai nyongeza ya 20,000 kila mmoja, klabu inaongeza pauni milioni 5.2 kwa mwaka, au milioni 20.8 kwa miaka minne. Nyongeza ya mtu mmoja imezaa nyingine inayoizidi zaidi ya mara tatu.

Barcelona na bili iliyomfikia Messi

Barcelona ilionja uchungu huo. Oktoba 2020, wakati janga la Covid-19 limefunga milango ya viwanja, klabu hiyo ilitangaza mikataba mipya ya wachezaji wanne kwa siku moja. Walikuwa Gerard Piqué, Marc-André ter Stegen, Frenkie de Jong na beki Clément Lenglet, ambaye wake ulikwenda hadi 2026. Mikataba hiyo iliambatana na makubaliano ya kuahirisha sehemu ya malipo, hivyo klabu ikapata nafuu ya muda na kujibebesha deni la miaka ijayo.

Lenglet ni beki wa kuaminika, lakini hakuwa nguzo. Kuanzia 2022 alitolewa kwa mkopo misimu mitatu mfululizo, kwanza Tottenham, kisha Aston Villa, kisha Atlético Madrid, kabla ya kuhamia Atlético moja kwa moja mwaka 2025. Mkataba mrefu uliokusudiwa kulinda thamani yake uligeuka kizuizi cha kumuuza.

Agosti 2021 bili kubwa ilifika. Rais wa klabu, Joan Laporta, alieleza kuwa Lionel Messi akibaki, mishahara ingefikia asilimia 110 ya mapato, na hata bila yeye ingekuwa asilimia 95. Kanuni za ligi ya Hispania hazikuruhusu asajiliwe. Messi akaenda Paris Saint-Germain bure.

Lenglet hakuwa sababu pekee, wala kubwa kuliko zote. Somo ni kwamba fedha za klabu zina ukomo, na kila inacholipwa nafasi ya kawaida kupita thamani yake kinapungua pale ambapo hakuna mbadala. Leo UEFA nayo imebana: kuanzia msimu wa 2025/26, gharama za kikosi katika mashindano yake hazitakiwi kuzidi asilimia 70 ya mapato ya klabu.

Hofu ya mtani

Afrika Mashariki ina hofu yake. Hapa kinachopandisha bei si ada itakayopotea tu. Ni wazo la kumwona mchezaji wako amevaa jezi ya mtani.

Julai 2024 hofu hiyo iliwapata Simba. Clatous Chama, kiungo kutoka Zambia, alimaliza mkataba wake na kujiunga na Yanga akiwa na umri wa miaka 33. Chama hakuwa mchezaji wa kawaida; alikuwa kipenzi cha Msimbazi. Lakini kilichofuata kinafundisha hata kwa walio chini yake.

Simba ilijenga kikosi kipya chenye damu changa. Kiungo aliyeletwa kutoka Ivory Coast, Jean Charles Ahoua, alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania kwa mabao 16. Timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco. Yanga nao wakatwaa ubingwa wa ligi.

Kwa maneno mengine, mtani alifaidi na aliyeachwa hakuzama. Ikiwa klabu inaweza kuendelea bila kipenzi chake, inaweza kuendelea pia bila beki wa kawaida anayetishia kuvuka barabara.

Lini inafaa kulipa

Hata hivyo, kuwaacha wote waondoke nako ni ujinga wa aina yake. Timu haijengwi na nyota 11. Kuna wanaojua mfumo, wanaocheza nafasi tatu, wanaowatuliza vijana.

Liverpool ilionyesha namna ya kuwalipa. James Milner alifika pale mwaka 2015 bila ada. Juni 2022, akiwa na miaka 36, alipewa mkataba wa mwaka mmoja tu, na taarifa za wakati huo zilisema alikubali mshahara mdogo kuliko wa awali. Mwaka 2023 mkataba ukaisha, akaenda Brighton, na Liverpool haikubaki na deni la mtu asiyetumika.

Kutoka kwa Smalling, Jones, Lenglet na Milner yanapatikana mambo matatu ya kupima kabla ya saini.

Kwanza, nyongeza isizidi gharama halisi ya kumpata mwingine wa kiwango hicho, na hesabu ihusishe nyongeza ambazo wenzake watadai. Pili, kama ni lazima kulipa zaidi, bora kupandisha mshahara kidogo na kufupisha muda, kwa kuwa mwaka mmoja wa bei mbaya unavumilika na minne haivumiliki. Tatu, liulizwe swali ambalo kila mnunuzi mpakani hujiuliza: kama mchezaji huyu angekuwa wa timu nyingine leo, je, klabu ingemfuata kwa bei hii?

Jibu likiwa ndiyo, alipwe. Likiwa hapana, anachonunua mkurugenzi si mchezaji, bali utulivu wake wa wiki mbili dhidi ya kelele za mashabiki. Kelele hizo huisha mechi ya kwanza ikishinda. Mshahara hulipwa hadi wiki ya mwisho ya mkataba.