Kwa Nini Mvua Hunyesha Watamu na Kuiacha Ganze

Kila wiki Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa siku saba, na msimu wa masika maneno yake kuhusu Pwani huwa karibu yaleyale: mvua za rasharasha asubuhi katika sehemu chache, jua mchana, mvua tena usiku. Mtu wa Kilifi asipoona hata tone uani kwake huwa mwepesi wa kusema watabiri wamedanganya. Lakini maneno hayo yana vipimo. Sehemu chache ni chini ya theluthi moja ya eneo linalotajwa, sehemu kadhaa ni kati ya theluthi moja na mbili, na sehemu nyingi ni zaidi ya hapo. Ikinyesha Watamu na Gede huku Ganze ikibaki kavu, utabiri wa sehemu chache umetimia.

Sababu ya mvua kubagua hivyo imo mawinguni.

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, likiwa limepita masafa marefu juu ya bahari yenye joto na kubeba mvuke mwingi usioonekana kwa macho. Likifika nchi kavu, miti na majengo hulipunguza kasi. Hewa inayokuja nyuma hulundikana na iliyotangulia, na kwa kuwa chini hakuna pa kwenda, hupanda juu. Ikipanda hutanuka na kupoa, kiasi cha nyuzi 1 kwa kila mita 100. Siku ya joto la nyuzi 29 yenye unyevu wa kawaida wa pwani, mita 600 hivi zinatosha kuufanya mvuke ugeuke matone, kama jasho linavyotoka kwenye glasi ya madafu baridi.

Matone hayo huhitaji kitu cha kushika, na hapa chumvi ya bahari hufanya kazi kubwa. Mawimbi yanapopasuka hurusha chembe za chumvi hewani, nazo hunyonya maji. Tone la wingu lina upana wa karibu milimita 0.02 na huanguka kwa sentimita moja tu kwa sekunde, hivyo hewa inayopanda hulibeba bila taabu. Kulipata tone moja la mvua la milimita 2 ni lazima matone kama hayo yapatayo milioni moja yaungane. Chembe kubwa za chumvi huzaa matone makubwa kuliko mengine; hayo huanguka upesi, huyagonga madogo njiani na kuyameza. Ulaya, mvua nyingi huanzia juu kama fuwele za barafu, jinsi Tor Bergeron wa Sweden alivyoeleza katika miaka ya 1930. Karibu na ikweta baridi ya kugandisha maji iko kimo cha kilomita 5 hivi, na wingu la Malindi laweza kunyesha kabla halijafika huko.

Hesabu moja inastahili kutazamwa kwa makini. Wingu lenye upana, urefu na kimo cha kilomita moja hubeba takriban tani 500 za maji. Ni mzigo wa kutisha, lakini likimwaga yote papo hapo chini yake, ardhi itapata nusu milimita tu. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Basi mvua ya milimita 20 kwa siku haitoki katika maji yaliyokwisha kukusanyika winguni. Inatoka kwa upepo unaozidi kulilisha wingu mvuke mpya saa baada ya saa. Ndiyo maana mtabiri huuangalia upepo kwanza.

Usiku, vilele vya mawingu ya baharini hupoa huku maji chini yakibaki na joto, hewa hupanda kwa urahisi, na kusi huyasukuma mawingu hayo ufuoni alfajiri. Mchana nchi kavu hupata moto, upepo wa bahari husogeza mpando huo bara, na pwani hupata jua. Hata hivyo, kadiri mtu anavyoiacha bahari ndivyo mvua inavyopungua. Msitu wa Arabuko-Sokoke unaonyesha jambo hili waziwazi: upande wake wa mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na kaskazini-magharibi karibu 600, nao ni msitu mmoja.

Wenye mabwawa ya chumvi Gongoni wanajua thamani ya siku saba za taarifa, kwa sababu mvua moja huyeyusha kazi ya jua la wiki nzima.

Lakini mkulima wa kandokando ya Mto Sabaki asitosheke na utabiri wa Malindi pekee. Maji ya mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Ukambani kwa jina la Athi, kisha Tsavo kwa jina la Galana. Mafuriko yaweza kumfikia mkulima wa Magarini chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja. Kila wiki ya masika na vuli, mwenye shamba la bondeni asome pia ukurasa wa Nairobi na Ukambani, na mvua kubwa ikitajwa huko, ahamishe mifugo na pampu mapema.