Leza Haikati Chuma Peke Yake

Je, wajua kwamba mwanga wa leza ukiachwa peke yake hukata chuma kwa tabu? Kazi kubwa iliyobaki hufanywa na gesi, na fundi wa kuchomelea pale Busunzu, wilayani Kibondo, anaijua kazi hiyo vizuri. Tochi yake ya asetilini hupasha chuma mpaka kiwe chekundu; akiminya mkono wa oksijeni, ndipo chuma kinapoanza kuungua na kukatika.

Leza nayo huenda hivyo hivyo, ila kwa adabu zaidi. Lenzi huukusanya mwanga kwenye doa dogo kuliko milimita moja, na chuma, ambacho huyeyuka kwenye nyuzi karibu 1,500, hugeuka uji papo hapo. Nozeli inayouzunguka mwanga hupuliza gesi na kuusukuma uji huo utokee chini. Kwa oksijeni, chuma huungua na kuongeza joto lake chenyewe. Kwa naitrojeni hakiungui, ukingo unabaki unang'aa. Ndiyo gesi inayopendwa kwa chuma kisichoshika kutu.

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Marekani mwaka 1960. Miaka mitano baadaye ilikuwa ikitoboa almasi za kuvutia nyaya kiwandani. Kukata chuma kulingoja hadi 1967, pale Peter Houldcroft wa Uingereza alipoiongezea oksijeni na kukata bati la milimita 1. Kwangu mimi, mwaka huo wa 1967 ndio mkubwa.

Leo leza hukata mabodi ya magari, vibomba vya kuzibua mishipa ya moyo, akriliki za mabango. Yale mageti yenye maua, "ya CNC" kama wasemavyo mafundi, yaani ya mashine inayoongozwa na kompyuta, mengine hukatwa kwa leza, mengine kwa plazima (gesi iliyopashwa moto mno kwa umeme), ambayo ni nafuu lakini matundu madogo huyaharibu. Shaba huisumbua leza kwa sababu huurudisha mwanga. Plastiki ya mabomba, yaani PVC, isiwekwe kabisa: hutoa gesi ya asidi inayokula mashine na mapafu.

Kibondo na Kasulu zimeingia gridi ya Taifa, kwa hiyo umeme si kisingizio kikubwa tena cha kukosa leza. Na mashine si lazima iwe Busunzu: mchoro hutumwa kwa simu kwenye karakana ya mjini, vipande vikaja kwa basi, fundi akachomelea.