Skleroderma: Kovu lisilojua kukoma

KIDONDA kinapopona, mwili huacha kovu, kisha kazi ya ukarabati husimama. Kwa mgonjwa wa skleroderma mambo huwa kinyume: mwili hutengeneza kovu pasipo kidonda, wala haujui wakati wa kuacha.

Jina la ugonjwa huu limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya 'ngumu' na 'ngozi'. Hauambukizi, wala si saratani. Ni miongoni mwa magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Ni ugonjwa wa nadra, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Ingawa ngozi ndiyo inayoonekana, dalili ya kwanza kwa wagonjwa wengi hutoka katika mishipa midogo ya damu. Utando wa ndani wa mishipa hiyo hujeruhiwa, nayo hubana kila mtu apatapo baridi au fadhaa. Vidole huwa vyeupe, kisha rangi ya buluu, kisha vyekundu damu inaporejea. Kwa mwenye ngozi nyeusi, mabadiliko hayo huonekana vizuri zaidi kwenye viganja na chini ya kucha.

Hali hiyo ilielezwa mwaka 1862 na daktari Mfaransa, Maurice Raynaud. Wengi walio nayo hawana skleroderma, lakini ikiambatana na vidole kuvimba au kukakamaa, haifai kupuuzwa.

Seli zinazokataa kufa

Jeraha la mishipa huziita seli za kinga, nazo humwaga kemikali za kupeleka taarifa. Mojawapo ni protini iitwayo TGF-beta, inayotoa amri kwa seli za ngozi ziitwazo faibroblasti.

Kwa kawaida faibroblasti hutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi kama fito zinavyoushikilia ukuta wa udongo. Zikipokea amri hiyo, baadhi hugeuka kuwa mayofaibroblasti, seli zenye nguvu ya kuvuta na kukaza, na kolajeni huzalishwa kupita kiasi.

Katika kidonda cha kawaida, seli hizo hufa kazi ikiisha. Katika skleroderma hubaki hai. Tena ugumu wenyewe huwa amri mpya: seli iliyozungukwa na tishu ngumu huhisi mvuto na kuzidi kutengeneza kolajeni. Ngozi hunenepa na kung'aa, tezi za jasho humezwa, vidole hujikunja na mdomo hushindwa kufunguka vizuri.

Ili kupima kiwango cha ugumu, daktari hufinya ngozi katika sehemu 17 za mwili na kutoa alama 0 hadi 3 kwa kila sehemu. Alama ya juu kabisa ni 51.

Zaidi ya ngozi

Hatari kubwa iko ndani. Mchoraji mashuhuri mzaliwa wa Uswisi, Paul Klee, alianza kuugua mwaka 1935 na kufariki mwaka 1940. Alipata shida ya kumeza chakula, lakini mwaka 1939 pekee alikamilisha kazi zaidi ya 1,200. Wataalamu waliochunguza habari zake baada ya kifo wanaamini alikuwa na skleroderma.

Leo makovu ya mapafu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wagonjwa hao. Figo nazo zaweza kushambuliwa ghafla, shinikizo la damu likapanda mno. Dawa za steroidi kwa dozi kubwa huongeza hatari hiyo, hivyo mgonjwa hapaswi kujinunulia dukani bila ushauri wa daktari.

Chanzo halisi hakijulikani, lakini vumbi la silika limehusishwa na ugonjwa huu. Mwaka 1957 daktari L. D. Erasmus alichapisha taarifa kuhusu skleroderma kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini.

Tiba ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Hata hivyo, zipo dawa za kutuliza kinga ya mwili, na mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya nintedanib, inayopunguza kasi ya mapafu kudhoofika.

Kovu likishakomaa ni vigumu kuliondoa. Kwa sababu hiyo, mwenye vidole vinavyobadilika rangi na kukakamaa anashauriwa kumwona daktari mapema, kabla pumzi haijaanza kumpungukia.