Hukumu ya Kuuziana Sarafu za Fedha kwa Njia ya Intaneti



Limetufikia suala la kijana mmoja mkusanyaji wa sarafu kongwe. Aliona kwenye intaneti reale ya Maria Theresa, akakubaliana bei na mwenyewe, akatuma pesa kwa simu siku ile ile, na sarafu ikamfikia kwa posta baada ya wiki mbili. Anauliza: Je, ameingia katika riba, ilhali waliridhiana na mali ikafika salama?

Sarafu zenyewe

Reale hii wazee wetu wa pwani waliitumia katika biashara. Ina uzito wa gramu 28 hivi, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.39. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini iliendelea kupigwa miaka mingi baadaye kwa tarehe ile ile. Mfano wake wa leo ni Silver Eagle ya Marekani, inayotolewa tangu 1986: ni aunsi moja ya fedha, imeandikwa dola moja, na huuzwa kwa zaidi sana ya hiyo.

Wakusanyaji basi huangalia thamani mbili: ya madini kwa mizani, na ya ziada kwa uchache wa sarafu na uzuri wa hali yake. Hapo ndipo wengi hudhani kuwa sarafu isiyotumika tena sokoni ni bidhaa kama nyingine.

Asili ya hukumu

Katika hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ameshurutisha fedha iuzwe kwa fedha sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, jinsi zikitofautiana, ziada inafaa lakini mkono kwa mkono inabaki. Katika madhehebu ya Imam Shafi, hukumu hii imo ndani ya dhahabu na fedha zenyewe, ziwe sarafu, pambo au kipande. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa pesa za karatasi nazo zina hukumu hizo za riba.

Kutokana na hayo tunapata sura tatu:

1. Sarafu kwa sarafu. Kutoa reale mbili za kawaida kwa moja adimu hakufai. Bilal (r.a.) alipobadilisha pishi mbili za tende duni kwa moja nzuri, Mtume (s.a.w.) alimkataza na kumwelekeza auze zile kwanza, kisha anunue nzuri. Ibnul Qayyim aliruhusu ziada kwa kazi ya sonara katika mapambo, lakini chapa ya sarafu hakuiingiza humo.

2. Sarafu kwa pesa. Bei ni ya maridhiano, hata ikizidi mara kumi ya madini. Sharti ni kupokezana papo hapo. Talha (r.a.) alipotaka kubadilisha dinari za Malik bin Aws na kumwambia angoje mtunza mali wake arudi, Umar (r.a.) aliwakataza kuachana kabla ya kupokezana. Baraza hilo la Fiqhi, mjini Jeddah mwaka 1990, liliruhusu mikataba kwa vyombo vya mawasiliano, likatoa ndani yake ubadilishanaji wa fedha kwa sababu hii hii.

3. Sarafu kwa bidhaa, kama kitabu au kitambaa. Hapa kupokezana papo hapo si sharti.

Njia ya kutokea

Mnunuzi aweke wakala katika mji wa muuzaji, atoe pesa na kupokea sarafu katika kikao kimoja. Au mazungumzo ya mtandaoni yawe ahadi tu isiyomfunga yeyote. Sarafu ije kwa mjumbe wa muuzaji, na mkataba na malipo vifanyike inapofika.

Tena muuzaji aseme kweli. Mwenye kuuza reale iliyopigwa karne ya 20 akiinadi kuwa ni ya 1780 kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, huyo ameghushi. Na anayewatuma rafiki zake wapandishe bei mnadani bila nia ya kununua amefanya najshi, nayo imekatazwa.

Jawabu

Wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaoiona fedha kuwa bidhaa tu, lakini sisi tunashika kauli ya jamhuri. Mkataba wa kijana huyu haukusihi. Kwa alilofanya bila kujua tunamtarajia msamaha wa Allah, na kulitengeneza ni jambo jepesi: ampigie muuzaji simu waufunge mkataba upya. Sarafu tayari imo mkononi mwake, na pesa alizotuma ni deni juu ya muuzaji. Basi amuuzie sarafu hiyo kwa deni hilo, na pasibaki kitu baina yao. Msingi wake ni hadithi ya Ibn Umar (r.a.), aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu badala yake, Mtume (s.a.w.) akamruhusu kwa sharti wasiachane kukiwa na kilichobaki.

Wallahu a'lam.