Gemu za kunyata: kwa nini mlinzi wa kwenye skrini hakuoni, na uamuzi wako una uzito gani

Jioni, kwenye kibanda cha gemu, iwe Mpanda mjini au kwenye senta ya kijiji, kelele nyingi ni za mpira. Lakini mara mojamoja utamkuta kijana amekaa kimya mbele ya skrini, mtu wake ndani ya gemu amechuchumaa nyuma ya ukuta akisubiri mlinzi apite. Hizo ni gemu za kunyata. Mchezaji anatakiwa aingie mahali penye ulinzi, afanye kilichompeleka, kisha atoke bila kuonekana. Kupigana anaweza, ila mara nyingi kupigana ndiko kunakomgharimu zaidi.

Mzazi akichungulia mlangoni, swali linakuja lenyewe: huyu anafundishwa kuiba? Ni swali la haki, na picha iliyopo kwenye skrini peke yake haitoshi kulijibu. Inabidi kutazama gemu yenyewe ilivyotengenezwa: mchezaji ameachiwa kuamua nini, na akishaamua, nini kinatokea.

Watu wengi waliokulia Tanzania wameshacheza mchezo wa aina hii hata kama hawajawahi kushika simu ya kisasa. Ni kombolela. Mmoja anafumba macho ukutani au kwenye mti na kuhesabu, wengine wanajificha. Akimwona mtu anamtaja jina na kukimbia kugusa pale alipohesabia. Lakini akienda mbali kutafuta, aliyejificha upande wa pili anachomoka mbio, anagusa, anapiga kelele "kombolela!", na wote waliokwisha kukamatwa wanakuwa huru. Sheria hutofautiana mtaa kwa mtaa, na kwingine huwekwa kopo la kupiga teke, ila kiini ni hicho hicho.

Mtafutaji ana uamuzi mgumu: akisogea atawapata wengi, lakini ataacha ukuta wazi. Aliyejificha naye ana wake: atulie alipo hadi giza liingie, au ajaribu sasa ili kuwaokoa wenzake? Wajanja hubadilishana mashati kwenye maficho ili mtafutaji ataje jina lisilo lake. Na mtafutaji akiamua kuganda ukutani bila kwenda kutafuta, wenzake watagoma, na mitaa mingine huweka sheria ya kumlazimisha asogee. Hapo watoto wamefanya kazi ile ile inayofanywa na watengenezaji wa gemu kwenye kampuni kubwa. Wameona kuna njia moja inayoshinda kila mara, mchezo umekufa, wakabadili sheria ili kila mtu awe tena na jambo la kuamua.

Mlinzi aliyetengenezwa ashindwe

Ndani ya gemu mtafutaji ni programu, hana akili ya mtoto. Macho yake hufanya kazi kama mwanga wa tochi: mwembamba karibu naye, mpana kadiri unavyokwenda mbele. Ukiingia ndani ya mwanga huo, anakuona. Ukiwa nje yake, hata kama uko hatua mbili nyuma ya kisogo chake, kwake haupo. Masikio nayo yana mpaka. Ukitembea umeinama, sauti ya miguu yako inafika karibu tu. Ukikimbia, inafika mbali.

Kisha mlinzi hupewa hali tatu hivi. Ya kwanza ni utulivu, anazunguka njia ile ile kila siku. Ya pili ni shaka, amesikia kitu na anakwenda kuangalia. Ya tatu ni hatari, amekuona na anaita wenzake. Kinachoshangaza ni kwamba mlinzi huyu hutangaza hali yake. Anajisemea kwa sauti, "Nani pale?" Kwenye Metal Gear Solid ya mwaka 1998, iliyotengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani kwa ajili ya PlayStation, alama ya mshangao ilitokea juu ya kichwa chake, na ramani ndogo pembeni ya skrini ilionyesha kila mlinzi anatazama upande gani. Kwenye theluji nyayo zako zilibaki, na mlinzi akizikuta anazifuata.

Mwaka huo huo ilitoka Thief, gemu ya Marekani. Yenyewe iliweka kito chini ya skrini: ukisimama kwenye mwanga kinang'aa, ukiingia gizani kinafifia. Ukikanyaga sakafu ya vigae unasikika, ukikanyaga zulia husikiki. Mchezaji akichagua kiwango kigumu zaidi, kazi haiongezewi kwa maadui wenye nguvu peke yake; anakatazwa kuua watu.

Taarifa zote hizo anapewa mchezaji kwa sababu huwezi kuamua kama hujui. Mlinzi anayekuona bila wewe kujua amekuonaje ni sawa na mvua ya mawe, inakupiga tu na hujifunzi kitu. Ndiyo maana mlinzi wa gemu anatengenezwa awe mjinga kwa kiasi fulani, na asahau. Anakutafuta dakika moja au mbili, anasema labda alikuwa panya, anarudi kwenye njia yake. Askari wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wangekuwa wanasahau namna hiyo, tembo tungebaki kuwaona kwenye noti tu.

Aina hii ya gemu, kwa sehemu, ilizaliwa na upungufu. Mwaka 1987 kijana wa Konami aitwaye Hideo Kojima alipewa kazi ya kutengeneza gemu ya vita kwa kompyuta ndogo ya MSX2. Mashine ile haikuweza kuonyesha askari wengi na risasi nyingi kwa pamoja bila kusumbua. Kojima akageuza wazo: kama vita kubwa haiwezekani, basi shujaa akwepe vita. Ikatoka Metal Gear, na mchezaji akajikuta anafurahia kutopigana.

Ghala lenye milango mitatu

Chukulia ghala la mahindi lenye walinzi wawili. Lina mlango wa mbele, dirisha la nyuma, na mwembe ambao tawi lake limegusa paa. Mtengenezaji wa gemu akikupa njia hizo tatu bado hajakupa uamuzi. Lazima kila njia iwe na bei yake. Mlango wa mbele ni wa haraka, lakini una taa. Dirishani hakuna mlinzi, ila kuna mbwa. Mwembe ni salama, lakini utakaa juu yake muda mrefu hadi walinzi wabadilishane zamu. Kama mwembe ni bora kila mara, wale wengine wawili ni mapambo, na baada ya siku mbili kila mtu kijijini atakuwa anapanda mwembe.

Tatizo hilo watengenezaji wamepambana nalo kwa miaka mingi, na jibu moja nzuri lilikuja kwenye Metal Gear Solid V ya mwaka 2015. Sehemu kubwa ya gemu hiyo inachezwa mpakani mwa Angola na Zaire mwaka 1984, Zaire ambayo leo ni Kongo ya majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ingawa mpaka huo uko upande wa pili kabisa wa nchi. Humo maadui wanajifunza kutokana na tabia yako. Ukizoea kuwalenga kichwani, baada ya muda wanaanza kuvaa kofia ya chuma. Ukipenda kushambulia usiku, wanaletewa miwani ya kuonea gizani. Ukitumia gesi ya usingizi, wanavaa barakoa. Unaweza kutuma vijana wako wakaharibu vifaa hivyo kabla havijafika, lakini huo nao ni uamuzi, kwa sababu vijana hao hawatafanya kazi nyingine kwa wakati ule. Kwa maneno mengine, gemu inakufukuza kwenye mazoea yako bila kukukataza chochote.

Dishonored ya mwaka 2012, ya Arkane, studio yenye makao Lyon nchini Ufaransa, ilikwenda njia nyingine. Mji wenyewe umeshikwa na tauni. Kadiri unavyoua, ndivyo panya na wagonjwa wanavyoongezeka mitaani, na mwisho wa hadithi unakuwa mchungu zaidi. Ukitaka, unaweza kuimaliza yote bila kuua mtu hata mmoja. Wazo ni zuri, lakini lina kasoro ambayo wachezaji wengi wameilalamikia, nami naona wana haki: gemu inakujazia begi silaha na uwezo wa kuua, kisha ukizitumia inakulaumu. Anayecheza kwa upole anabaki na vifaa vichache vya kuchezea. Ni kama kumpa mtoto baiskeli halafu umwambie mtoto mwema hutembea kwa miguu.

Kuna jambo jingine ambalo halijapata dawa kamili, nalo ni kusevu. Kwenye gemu nyingi unaweza kuhifadhi pale ulipofika, na ukionekana unarudi nyuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi hufanya hivyo kila wakigunduliwa. Matokeo yake wanakosa sehemu tamu kuliko zote, ile ya kukimbia, kujibanza chooni na kubuni mpango mpya huku moyo unadunda. Kombolela haina kusevu. Ukitajwa jina, umetajwa, na tumaini lako ni yule mmoja ambaye bado yuko kichakani.

Vibandani kwetu

Sasa turudi kwa mzazi wetu mlangoni. Gemu ya kunyata ambayo vijana wengi wa kwetu wanaifahamu ni kipande tu ndani ya gemu nyingine: GTA San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 kwa PlayStation 2 na kuingia kwenye simu mwaka 2013. Kuna kazi moja humo ya kuingia usiku kwenye nyumba ya mwanajeshi wa zamani na kutoa makasha ya silaha bila kumwamsha. Kuna kipimo cha kelele kwenye skrini; ukiharakisha kinapanda, kikijaa mzee anaamka na bunduki. Kama somo la namna kelele na mwendo vinavyopingana, ni kipande kilichotengenezwa vizuri sana. Lakini ni wizi wa nyumba, na gemu yenyewe Ulaya imewekewa alama ya umri wa miaka 18. Ufundi mzuri hauibadilishi kuwa ya mtoto wa darasa la nne, na mwenye kibanda anapaswa kulijua hilo kabla ya kupokea hela ya mtoto.

Hela hiyo nayo inaamua mengi. Pale unapolipia muda au mechi, gemu ya kunyata ni hasara: unaweza kumaliza dakika zako zote ukimsubiri mlinzi mmoja ageuke. Ndiyo sababu mojawapo mpira na ngumi hutawala vibandani. Mtoto anayependa kufikiri polepole hana nafasi pale, na pengine kwake simu ya nyumbani, ikiwa na chaji, ni mahali pazuri zaidi. Among Us, iliyotoka mwaka 2018, inachezwa na kundi kwa simu zilizounganishwa kwenye WiFi moja: mmoja kati yenu ni adui na anajificha katikati yenu mchana kweupe, nanyi mnabishana ni nani. Babu aliyezoea vikao vya kusuluhisha kesi anaweza kuwashinda wajukuu.

Hata hivyo simu ina mtego wake. Gemu nyingi zinazopakuliwa bure hukufikisha mahali mlinzi hapitiki, kisha zinakuuzia nguvu ya kumpita. Hapo uamuzi uliobaki ni kulipa au kusubiri, na bando lako linaendelea kuisha. Mbali zaidi ya hapo ziko mashine za kamari zenye taa na muziki wa gemu. Mchezaji anabonyeza kitufe na kuhisi amechagua wakati mzuri, lakini matokeo yanatoka kwenye programu inayochota namba kwa kubahatisha, na ustadi wa kidole hauna kazi. Hakuna mlinzi wa kumsoma, hakuna njia ya nyuma. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inazitambua kuwa kamari, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzicheza, hata kama imewekwa dukani karibu na nyumbani.

Kwa mzazi asiyejua kushika kidhibiti cha gemu, kuna swali moja rahisi la kumuuliza mtoto akishindwa: umeonekana kwa nini? Akikujibu kwamba alikimbia kwenye vigae, au hakuhesabu vizuri zamu ya mlinzi wa pili, au alidhani mbwa amefungwa, muulize safari ijayo atapita wapi, na umsikilize. Akikujibu kwamba leo mashine haikutoa, muulize hela ameitoa wapi.